Hesabu ya siku inaanzia kwenye muhuri

Kosa la herufi moja huku kwetu ziwani ni mzigo, maana majina mengi ya Kisukuma yanaishinda kompyuta. Ng'wandu anaandikwa Ngwandu benki, Mwandu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwenye kadi ya bima anakuwa "Ng wandu", nafasi katikati, kwa sababu mfumo umekikataa kile kialama cha ng'. Siku ya kudai mafao mtu mmoja anaambiwa ni watu watatu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kudai taarifa zako zirekebishwe. Shida ni kwamba wengi wanaidai kwa mdomo, dirishani. Miezi sita ikipita, aliyekuhudumia kahamishwa na hakuna karatasi. Huwezi kusema umecheleweshwa kama huwezi kuonyesha ulianza lini.

Kwa hiyo andika barua, ukurasa mmoja unatosha. Ielekeze kwa Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi wa taasisi hiyo. Taja namba yako ya mteja au ya jalada, kisha nakili kosa jinsi lilivyo, herufi kwa herufi: "Imeandikwa: Ngwandu. Isomeke: Ng'wandu." Ambatisha nakala ya kitambulisho na ya cheti cha kuzaliwa, halisi baki nazo. Malizia kwa kuomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, utaje na tarehe yenyewe ya mwisho, na kuomba waliokwisha kupelekewa taarifa hizo waarifiwe. Sentensi hii ya mwisho husahaulika sana, na ndiyo maana jina linanyooka kwenye tawi la Nyamagana huku makao makuu Dar es Salaam likibaki vilevile.

Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na saini. Tafadhali usimwachie mlinzi getini. Wakikataa kugonga, tuma kwa EMS ya Posta na utunze risiti, au tuma kwa baruapepe.

Kabla ya yote, tafuta kosa lilipoanzia. Kama liko NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, anzia huko, kwani benki na kampuni za simu zinalinganisha na NIDA. Ukianzia benki utarudishwa. Kosa la tarehe ya kuzaliwa ni zito kuliko la herufi: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, hivyo jiandae kwa maswali zaidi. Na kama unataka jina jipya kabisa, hiyo ni kubadili jina. Inapitia hati ya kisheria kwa wakili, barua hii haitakusaidia.

Wanaofanya biashara upande wa Kisumu au Migori wana muda uliopangwa wazi. Kanuni za Kenya za ulinzi wa taarifa za mwaka 2021 zinaipa taasisi inayotunza taarifa zako siku 14 kurekebisha, na ikikataa, siku 7 kukueleza sababu kwa maandishi. Ukidai chuo au kampuni iliyoko Umoja wa Ulaya, ni mwezi mmoja tangu wapokee. Wanaweza kujiongezea miwili, lakini lazima wakuambie ndani ya ule wa kwanza, pamoja na sababu. Wakiwa na shaka ya msingi kama ni wewe, watadai uthibitisho kwanza. Ndiyo sababu kitambulisho kiende pamoja na barua.

Siku 14 zikiisha kimya, andika barua fupi ya kukumbusha ukitaja tarehe ya muhuri, wape siku 7. Baada ya hapo peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatisha barua yenye muhuri, ile ya kukumbusha, na picha ya taarifa kama inavyosomeka siku hiyo. Sheria inaitaka Tume ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90, kwa hiyo kama mafao au mkopo una tarehe yake, hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe hiyo.