Insulini bila sindano kwa mama anayeogopa kuchomwa: soma hapa kabla hujatoa hela

Mkuu, umeuliza kama umnunulie mama kifaa cha insulini kisicho na sindano, kwa kuwa anatumia ile ya mchanganyiko 30/70 (ya haraka asilimia 30, ya polepole asilimia 70) asubuhi na jioni na kuchomwa kunamtesa.

Ndani ya kifaa kuna springi. Ukiikaza kisha ukabonyeza kitufe, insulini inafyatuka kupitia kitundu cha kama milimita 0.15 na kupenya ngozi yenyewe. Haikai pamoja kama unapochoma, inatawanyika, kwa hiyo inaingia kwenye damu haraka. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipima insulini aspart, ya aina ya haraka, kwa watu wasio na kisukari, matokeo yakatoka 2011: kwa kifaa hiki insulini ilifika kilele kwenye damu dakika ya 31, kwa kalamu ya insulini yenye sindano dakika ya 64. Mtego uko hapo. Aliyezoea kuchoma nusu saa kabla ya kula anaweza kushukiwa na sukari wali ukiwa bado jikoni. Asibadili bila daktari wake, na siku za mwanzo apime mara nyingi zaidi (kidole kitachomwa tu, hilo halikwepeki).

Kifaa kisimame wima, kikandamize ngozi, kisiondolewe kabla ya sekunde 10. Kikilala kidogo, au kukiwa na povu ndani, insulini inabaki juu ya ngozi na huwezi kujua zimepotea uniti 2 au 6. Usimwongezee kwa kukisia. Michubuko nayo ipo, hasa kwa mtu mwembamba.

Mimi ningeanza na sindano yenyewe. Ya kalamu ya milimita 4 inatosha hata kwa mnene. Maumivu mengi hutokana na sindano iliyokwisha tumika kutumiwa tena, dawa iliyotoka kwenye friji muda huo huo, au spiriti isiyokauka.

Kisha mpapase tumbo na mapaja. Ukikuta donge gumu kama mpira, hapo pamechomwa mno na insulini inanyonywa ovyo. Wengi hupapenda kwa sababu hapaumi! Ahame, kila sindano ipishane na ya jana kwa upana wa kidole. Ila akihama, dozi ile ile inaweza kumshusha, hivyo hospitali waipunguze kwanza.

Na hiyo 30/70 aiviringishe viganjani mara 10, aipindue mara 10, hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Asiitikise, itatoa povu. Ikibaki na chembechembe au mabonge, aitupe.