Mama yetu atakula nini siku tano baharini?

SWALI: Shikamoo Bi Mpishi. Kaka yetu anayefanya kazi Muscat amekodi katamarani, boti yenye viwiliwili viwili, kwa siku tano mwezi wa Agosti, kutoka Unguja kwenda Pemba na kurudi, kwa sababu mama anatimiza miaka 70. Tutakuwa wanane. Wenye boti wametuletea fomu ndefu wakiuliza tunapenda kula nini, tena wanataka fedha ya chakula mbali na kodi ya boti. Mama ana kisukari, na ameshasema chakula cha hoteli hali, atabeba jiko lake la makaa. Mdogo wangu akila kamba huvimba midomo. Tujaze nini? Na tukinunua samaki kwa wavuvi huko huko, kuna ubaya?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe hongera zangu.

Jiko la makaa libaki Tanga. Katamarani nyingi zimejengwa kwa faiba, moto ukishika huna pa kukimbilia, na hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Lakini kwa hilo la chakula cha hoteli, mimi niko upande wa mama moja kwa moja. Nimepika kwenye boti hizi miaka mingi, na kinachoniuma ni familia za kwetu kujaza fomu kwa kuona haya. Wanaandika pasta, saladi, minofu ya ng'ombe na sosi, kwa kudhani boti ya kifahari ndivyo inavyotaka. Siku ya pili bibi anasukuma sahani, wajukuu wanauliza kama wali upo. Na huko jikoni mara nyingi amesimama kijana wa Nungwi au Makunduchi aliyelelewa kwa wali wa nazi, anangoja kwa hamu aombwe!

Basi andikeni chakula chenu kwa majina yake: samaki wa kupaka, pweza wa nazi, mchicha, maharage, uji wa asubuhi usiotiwa sukari. Andikeni mama anakula saa ngapi na dawa anameza saa ngapi. Kama anachoma insulini, mpishi ajue mapema ili aiweke kwenye friji mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika. Habari ya kamba iandikeni mstari wa kwanza kabisa, kisha siku ya kupanda mwambieni mpishi kwa mdomo. Mafuta yaliyokaangiwa kamba yakikaangiwa viazi baadaye, yanatosha kumdhuru mdogo wako.

Jambo ambalo fomu haiulizi ni upepo. Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Kutoka Nungwi kuvuka kwenda Pemba upepo na mkondo vyote vinaelekea kaskazini, mtasukumwa. Kurudi ndiko kwenye kazi, boti inapiga mawimbi kwa uso. Siku hiyo mpishi asiwashe jiko njiani. Mimi hupika usiku wa kuamkia safari, tumetia nanga pametulia karibu na Mkoani. Mchuzi wa nguru naupika kwenye sufuria ndefu kuliko ninayohitaji, naujaza nusu tu, na sufuria naibana kwa vile vyuma vya pembeni ya jiko. Bizari, kitunguu, ndimu na tui la kwanza la nazi niliyokuna palepale. Nazi nzima hukaa siku nyingi bila friji, ndiyo maana siachi kuipakia. Ukipoa unakwenda kwenye friji, na kesho yake mnaupasha moto mkishafika kwenye maji matulivu. Njiani ni viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Tumbo tupu huchafuka haraka kuliko tumbo lenye kidogo, na mama mwenye kisukari hapaswi kupitisha mlo. Aulize daktari wake kabla ya safari afanye nini akitapika baada ya kutumia dawa.

Sasa samaki. Kununua kwa wavuvi ni kuzuri, tena fedha inabaki kwa wenyewe. Ila uliza barafu. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Samaki anaweza kuonekana mzima na kunukia vizuri, kumbe mtu akila, ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani ni mzio wa samaki. Mvuvi akiwa hana barafu, chukueni changu au tasi aliyevuliwa asubuhi ile, macho maangavu, mashavu mekundu ndani, na mumpike siku hiyo hiyo. Wa kwenu wenyewe, mtakaowanasa kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya boti, wachinjwe na kutolewa matumbo papo hapo, kisha walale kwenye deli, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Kwenye kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, msitupe mshipi bila kumuuliza nahodha, kwa sababu ni hifadhi na upo upande uliofungwa kabisa kwa uvuvi. Na kamba koche mwenye mayai tumboni arudishwe majini, hata muuzaji akipunguza bei.

Fedha ya chakula ni utaratibu wa kawaida kwenye boti zenye mabaharia. Mara nyingi ni kama asilimia 30 ya kodi, na humo hutoka chakula, vinywaji, mafuta ya boti na ada za bandari. Ni fedha yenu: nahodha anaandika kila senti, mnaona risiti, na inayobaki mnarudishiwa. Kabla hamjalipa, ulizeni kama kodi yenu haina chakula ndani yake tayari, maana boti nyingi za kwetu huvijumlisha.

Mkileta vitu vyenu, vitoeni kwenye maboksi gatini. Mende hutaga mayai kwenye mikunjo ya boksi, na wakishaingia botini hawatoki.

SWALI: Dada, nimemaliza chuo cha hoteli, nataka kupika botini. Nianzie wapi?
Kijana, Kilifi

JIBU: Anza na mafunzo ya msingi ya usalama baharini: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini. Bila cheti hicho boti kubwa hazikuchukui. Kwa wewe wa Kilifi, ulizia Bandari Maritime Academy, Mombasa; wenzako wa huku huenda chuo cha ubaharia cha Dar es Salaam (DMI). Nyumbani jizoeze kupikia watu wanane kwa majiko mawili tu na ndoo moja ya maji, kuosha vyombo kukiwemo. Na ujifunze kufunga gesi kwenye mtungi wenyewe kila umalizapo kupika, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ya sakafu ya boti na kungoja cheche.