Crichton kabla ya dinosaria: vitabu vya John Lange uvisomeje

Watu wengi wakisikia Michael Crichton akili inaruka moja kwa moja kwenye Jurassic Park, hata wale ambao hawajawahi kufungua kitabu chake wanajua yule T. rex kwenye mvua. Wachache ndo wanajua kwamba miaka ya 60, kabla jina halijawa kubwa, jamaa alikuwa anasomea udaktari pale Harvard, na wikiendi na likizo zake anazimalizia kuandika riwaya za wizi, magendo na watu wanaokimbizana na bastola, anazitoa kwa jina la bandia la John Lange, na hela yake ndo inalipia masomo. Jumla ziko nane, ya kwanza Odds On ya 1966, ya mwisho Binary ya 1972. Nimezisoma zote, nyingine nimezirudia, na kwa kuwa naulizwa sana kama zina maana au ni makombo tu ya mtu maarufu, ngoja niandike mara moja tumalizane.

Zina maana, ila inategemea unaingia unatafuta nini. Ukiingia unamtaka yule Crichton wa kukueleza jenetiki kurasa kumi mfululizo mpaka unajiona daktari, utakiweka kitabu pembeni mapema sana. Nyingi ni riwaya za jalada laini za enzi zile, fupi, maneno mengi ni mazungumzo, kila sura inakatika mtu akiwa kwenye balaa, na kilichomo ni burudani tupu. Mimi ushauri wangu wa kwanza ni uzisome haraka. Usisome kurasa tano leo na tano wiki ijayo, ukizipa muda wa kupoa unaanza kuona matobo yote. Kaa nayo jioni moja au mbili imalize, ndo ilivyoandikwa, na ndo inavyotaka kusomwa.

Halafu usifuate mpangilio wa miaka. Najua kuna watu lazima waanze namba moja waende mpaka nane, lakini hapa utajichosha bure kwa sababu za mwanzo anajifunza kazi na inaonekana. Anza na Grave Descend ya 1970. Kuna mpiga mbizi anaitwa McGregor, yuko Jamaica, anaitwa na watu wa meli ya kifahari iliyozama ili aende chini akaikague. Anaanza kuuliza maswali ya kawaida tu, ilizama saa ngapi, nani alikuwemo, mlipuko ulitokea wapi, na kila abiria ana stori yake na hakuna stori inayofanana na ya mwenzake. Sawa, watu wanadanganya, tumeshazoea kwenye vitabu. Ila kinachofuata ndo kilinifanya nikae vizuri kwenye kiti: meli yenyewe haijazama bado. Watu wamemwajiri kukagua ajali ambayo haijatokea! Yaani kwa wazo moja tu dogo anakushika shingo na hakuachii, na kuanzia hapo ni papa, vinamasi na watu wabaya mwanzo mwisho. Kitabu hicho kiliingia kwenye orodha ya waliowania tuzo ya Edgar ya 1971 ya waandishi wa riwaya za uhalifu Marekani, kwa hiyo sio mimi peke yangu niliyeona kitu.

Ukimaliza hicho nenda Zero Cool, 1969. Daktari wa picha za eksirei, Peter Ross, kaenda Hispania, kuna mkutano wa kitaaluma ila kiukweli anataka jua na pwani. Wanamfuata watu wanamwomba apasue maiti kwa uchunguzi. Wengine wanamfuata wanamwambia ukipasua tunakuua. Na yeye maskini ni mtu wa eksirei, kisu cha kupasulia maiti ni vitu alivyoviacha nyuma siku nyingi. Hapo unaona raha ya mwandishi anayejua hospitali kwa ndani, kwa sababu ucheshi wote unatoka kwenye vitu vidogo vya kazi ambavyo mtu wa nje asingeviwaza. Mwisho wake unaenda mpaka Alhambra, ile ngome ya kale kule Granada, na ni vurugu, sitakudanganya, lakini vurugu tamu.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonifanya niwaambie watu wasome vitabu hivi na sio kupitia tu muhtasari. Kuna wazo moja Crichton aliliandika maisha yake yote, na humu unaliona likiwa bado bichi. Ni wazo la mpango uliopigiwa hesabu kila kona, watu wenye akili wamekaa wakamaliza kila kitu, halafu unavunjika kwa jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliuliza. Chukua Odds On. Ni genge linataka kuiba kwenye hoteli ya kifahari Costa Brava, Hispania, na mpango wao wameupitisha kwenye kompyuta ili iwapangie hatua na iwaambie uwezekano wa kufanikiwa. Hiyo ni 1966, kompyuta ni midude ya kujaza chumba! Stori yenyewe ina mapengo na ina vitanda vingi kuliko wizi, lakini ukiisoma ukiwa na Jurassic Park kichwani unaona mbegu iko pale pale. Kumbuka kwenye kitabu cha 1990 (sio sinema, kitabu) ule mfumo wa kuhesabu wanyama wa bustani ya dinosaria. Kompyuta imeambiwa wanyama ni 238, inawatafuta 238, ikiwapata inanyamaza, kila siku ripoti safi, kila mtu analala vizuri. Mpaka Malcolm, yule mtaalamu wa hisabati, anasema hebu iambieni itafute 239. Inampata. Wakiongeza namba inazidi kupata. Kompyuta haikukosea hata kidogo, swali ndo lilikuwa bovu. Kwangu mimi hiyo ni moja ya sehemu bora kabisa alizowahi kuandika, na jamaa alianza kuizunguka tangu ana miaka ishirini na kitu, kwenye kitabu cha wezi wa hotelini.

Ndo maana nawaambia wasome kwa jozi. Drug of Choice ya 1970 isome karibu na Jurassic Park, au karibu na sinema ya Westworld aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe 1973. Ndani yake kuna daktari wa Los Angeles anapokea mgonjwa aliyepoteza fahamu ambaye mkojo wake ni wa bluu, halafu anakuja mwingine hivyo hivyo, anafuatilia mpaka anafika kwenye kampuni na kisiwa cha mapumziko ambako wageni wote wanarudi wakisifia kuliko kawaida. Zaidi ya hapo sisemi. Ila hebu ona: kisiwa, kampuni yenye hela, starehe iliyotengenezwa na wanasayansi, wageni wasioelewa wanachouziwa. Hiyo ni miaka 20 kabla ya dinosaria. Nusu ya pili ya kitabu inayumba sana na unaweza kuhisi mwandishi mwenyewe ameshachoka anataka kulala, lakini nusu ya kwanza ni Crichton kabisa.

Na Binary, hiyo ndo bora ya zote nane kwa maoni yangu, na kuna watu tutabishana. Tajiri mmoja mwenye chuki za kisiasa anapanga kumuua rais San Diego kwa gesi ya sumu ya neva, ile ya aina mbili zinazokaa mbalimbali mpaka dakika ya kuchanganywa. Anayemfukuza ni afisa wa serikali anaitwa Graves. Kinachonoga ni kwamba huyo tajiri amepata faili la tabia za Graves, anajua jamaa ana haraka, akiona ameshinda anaacha kuangalia, kwa hiyo mtego mzima umejengwa juu ya udhaifu wa mtu anayemkimbiza. Unasoma unamwona Graves anafanya kitu cha akili kabisa, unampigia makofi, halafu tumbo linakucheza, maana hicho hicho ndo mwenzake alikuwa anakisubiri. Saa zinahesabika, sentensi zimekatwa fupi, hamna mafuta. Rais yuko San Diego kwa ajili ya mkutano mkuu wa chama cha Republican wa 1972, na ukweli ni kwamba mkutano huo ulipangwa kufanyika pale kabla haujahamishiwa Miami Beach, kwa hiyo historia yenyewe ilimharibia ramani mwandishi. Mwaka huo huo iligeuzwa kuwa filamu ya televisheni, Pursuit, akaongoza yeye mwenyewe, ndo ikawa mara yake ya kwanza kukaa kiti cha mwongozaji.

Easy Go ya 1968 ni kwa wanaopenda makaburi ya mafarao. Mtaalamu wa Misri ya kale anasoma maandishi anagundua dalili za kaburi ambalo halijawahi kufunguliwa, na badala ya kuitangazia dunia anatafuta watu wakaliibe. Digrii ya kwanza ya Crichton ilikuwa ya anthropolojia kwa hiyo mambo ya uchimbaji yamekaa vizuri, unasikia vumbi, unachoka nao jangwani. Watu wa Misri wenyewe sasa, wengi wamewekwa pembeni wabebe mizigo na kuwa washukiwa, na hilo litakukera kama linavyonikera mimi.

Na sio hapo tu. Wanawake kwenye vitabu hivi karibu vyote wanaletwa kwa vipimo vya mwili kabla hata hujajua jina, shujaa anafika hotelini na kabla hajafungua begi kuna mrembo anamhitaji. Ni mtindo wa soko la vile vitabu enzi zile, na majalada yake yalikuwa yanauza hicho hicho. Sisemi uvumilie wala usisome, nasema ujue kiko humo, maana kuna rafiki yangu nilimwazima Odds On bila kumwambia akanirudishia na maneno.

Kwenye kununua kuwa makini na majina. Easy Go ilishawahi kutolewa tena kama The Last Tomb, na Drug of Choice kama Overkill, ni kitabu kile kile, usije ukafurahi umepata ya tisa. Kampuni ya Hard Case Crime ilirudisha Grave Descend mwaka 2006 na Zero Cool 2008, na hapo jalada bado lilikuwa linasema John Lange tu, wakati mwandishi yuko hai. Alifariki Novemba 2008, kisha 2013 zikatoka zote nane na jina lake halisi. Kwa Zero Cool tafuta toleo la 2008 au la baada yake, kwa sababu Crichton aliongeza sura mpya za kufungua na kufunga, za Ross akiwa mzee. Nakala za zamani za miaka ya 60 ni za wakusanyaji, karatasi zinakatika mkononi, na kama unataka kusoma tu sioni sababu ya kuhangaika nazo.

Scratch One ni wakili kapelekwa Nice kununua jumba, watu wanamdhania ni muuaji, basi, inachekesha, inaisha, unaisahau. The Venom Business ina msafirisha nyoka wa Mexico mwenye biashara nyingine chini ya kapeti, sura za mwanzo ni moto, halafu inahamia London kwenye ugomvi wa urithi na inajivuta, ni nene kuliko wenzake wote, hiyo iache iwe ya mwisho.

Kuna moja haimo kwenye nane na watu huwa wanaichanganya humo, A Case of Need ya 1968, aliyotoa kwa jina jingine kabisa, Jeffery Hudson. Daktari wa Boston anatafuta ukweli kuhusu msichana aliyekufa baada ya kutoa mimba, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa kosa la jinai pale, na rafiki yake ndo kakamatwa. Ilichukua tuzo ya Edgar ya riwaya bora 1969, mwandishi akiwa bado yuko shule ya udaktari. Hii ni nzito na ina hasira, usiisome kwa mbio kama zile nyingine, na ukifika mwisho usiruke vile viambatisho, mabishano ya madaktari ya enzi hizo yako mle.