Maswali ya Wasomaji: Je, Taka za Fosforasi Zaweza Kuwa Dawa ya Magugu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi wilayani Babati. Nimesikia kwamba nchini Kazakhstan taka za viwanda vya fosforasi zinaweza kutengenezewa dawa ya kuua magugu. Kwa kuwa machimbo ya fosfeti ya Minjingu yako jirani nasi, je, mabaki ya pale hayawezi kufanyiwa vivyo hivyo ili tupate dawa ya bei nafuu? – Msomaji, Babati.

JIBU: Ndugu msomaji, kikemia jambo hilo lawezekana, lakini si kwa kila taka, na kwa mabaki ya Minjingu haliwezekani.

Fosforasi hupatikana kwa kuchoma mawe ya fosfeti pamoja na mkaa wa koki na mawe ya kwatzi ndani ya tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 1,400 hadi 1,500 hivi za Selsiasi, ambamo hupanda ikiwa mvuke, kisha ikapoozwa kwa maji. Viwanda vya Shymkent na Taraz nchini Kazakhstan, vilivyojengwa enzi za Muungano wa Kisovyeti, vilitegemea mawe ya fosfeti ya Karatau. Kinachobaki chini ya tanuri hupoa kikawa jiwe gumu, nalo hufaa kwa kokoto za barabara, japo likitokana na mawe yenye urani, madini yenye mionzi, lisitumike kujengea nyumba za kuishi. Kwa magugu halina kazi.

Chenye thamani ni tope. Mvuke unapopoozwa, sehemu ya fosforasi huchanganyika na vumbi na maji, na mchanganyiko huo hulazimika kuhifadhiwa chini ya maji, maana ukikauka hujiwasha wenyewe na kufuka moshi mweupe. Fosforasi iliyonaswa humo ikitolewa na kusafishwa, huweza kuunganishwa na klorini na kupitishwa hatua kadhaa hadi kuwa glifosati, kiuagugu ambacho asilimia 18 hivi ya uzito wake ni fosforasi; kwa hiyo tani moja ya dawa hiyo haipungukiwi na kilo 183 za fosforasi. Ndiyo maana kampuni ya Monsanto, walioingiza sokoni mwaka 1974 glifosati kwa jina la Roundup, walikuwa na matanuri yao wenyewe ya fosforasi huko Soda Springs, Idaho, Marekani. Kazi ngumu ni kusafisha: arseniki, sumu iliyomo katika mawe, huifuata fosforasi hadi mwisho, na hakuna anayetaka kuipulizia shambani. Kwa maoni yangu, tope hilo lingefaa zaidi kurejeshwa kiwandani kutengenezea asidi ya fosfori.

Minjingu hakuna tanuri la namna hiyo. Mawe yake, yaliyotokana na mabaki ya ndege wa Ziwa Manyara ya kale, husagwa kuwa mbolea, na hata vumbi lake ni fosfeti ileile, ambayo hulisha magugu sawasawa na mahindi. Lipeleke kwenye udongo wenye uchachu, ndiko linakoyeyuka vizuri.

Akitokea mtu kukuuzia tope la kiwandani kama dawa, usilipokee. Fosforasi nyeupe huunguza ngozi hadi nyama, na tope lake hutoa fosfini, gesi ileile ya vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, ambayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Nunua kiuagugu ambacho lebo yake ina namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.