Wewe wa Kakamega, hebu weka hiyo pesa chini kwanza

Umesema umenunua Tekken 8 juzi, ile gemu ya kupigana, unataka kujua uchukue mpiganaji nani, kama stik inashinda pedi ya kuchezea, na ufanye mazoezi masaa mangapi kabla ya tonamenti ya Eldoret mwezi ujao. Halafu chini kabisa ukaandika eti unaenda kununua Heihachi, mpiganaji anayeuzwa kando na gemu, juu kuna jamaa wa YouTube amemweka namba moja. Hapo ndio tumbo ilianza kuniuma.

Buda, usinunue mtu. Chukua mmoja wa wale 32 waliokuja na gemu.

Mi nilikuwa nacheza na mpiganaji wangu Kazuya hapa Nakuru, miaka miwili, si mkali sana lakini base yetu, pale tunachezea gemu, walikuwa wananiheshimu. Desemba 2019 akatoka Leroy kwa Tekken 7, naye wa kununua kando, yule mzee wa Wing Chun (aina ya kung fu) mwenye dredi na mbwa. Na alikuwa noma kweli, siwezi kudanganya, kwa ile tonamenti kubwa ya Evo Japan ya Januari 2020 kati ya wachezaji wanane wa mwisho sita walikuwa na Leroy. Sasa kuna jamaa pale base alikuwa anajiita koch (koch wa nani sijui, hajawahi shinda hata soda) akaniambia wachana na Kazuya, huyo ni wa kujitesa, nunua Leroy ukaokote pesa kwa tonamenti ya Kisumu. Nikanunua pasi nzima, ile ya wapiganaji kadhaa pamoja, karibu elfu mbili na nusu, ndani kuna Zafina na Ganryu ambao mpaka leo sijawahi kuwagusa. Wiki sita Leroy asubuhi, Leroy jioni, Kazuya nikamsahau kama deni.

Siku ikafika, nikapanda matatu saa kumi na moja asubuhi, Kericho baridi inaingia mpaka kwa soksi, nafika Kisumu nimekauka, nalipa mia tano ya kuingia. Naitwa. Nakaa. Napeleka mshale kwa Leroy, hachukuliki. Nabonyeza tena. Wapi! Mwenye base hakuwa amemnunua! Nikamwita, akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema, "Boss, hapa tunacheza na wale wako ndani ya mashine."

Nyuma watu wameanza kupiga miluzi. Nikarudi kwa Kazuya nikiwa na aibu ya mtu anayerudi kwa ex. Na Kazuya bila elektriki, ile ngumi yake ya umeme, ni nini? Mbele, achilia, chini, halafu ile kona ya chini-mbele lazima ishikane na kitufe cha ngumi kwa fremu moja, yaani picha moja ya skrini, na sekunde moja ina fremu 60, kwa hivyo vidole vikipoa wiki sita ni kama hujawahi kugusa gemu. Kila nikijaribu inatoka ile ngumi ya kawaida bila umeme, inazuiwa, napigwa ya kulipiza. Aliyenitoa ni mtoto wa sekondari, sweta ya shule bado iko kiunoni, ana Eddy, anapiga mateke bila kuangalia pedi, anatafuna miwa. MIWA. Raundi tatu bila kwenye gemu ya kwanza, ya pili sitaki kuongea. (Na ucheki, kwa Tekken 8 hata huyo Eddy ni wa kununua, so siku hizi hata yule mtoto angelia.)

Yule koch nilimpigia nikiwa stage, akacheka, akaniambia ningeuliza kwanza. NINGEULIZA NANI NA WEWE NDIO KOCH? Na mwaka huo huo Leroy akapunguzwa nguvu kwa apdeti, hata nyumbani akawa mzee wa kawaida tu.

Sasa wewe unataka kubeba Heihachi mpaka Eldoret kwa konsoli ya mtu hujui amenunua nini. Chukua Law. Chukua Jin. Chukua hata Kuma, ni dubu lakini yuko ndani, hakuna siku utafika ukaambiwa dubu hayuko. Mazoezi fanya na huyo mmoja mpaka vidole vichoke, na ukishaona list nyingine ya YouTube funga simu.

Ukifika Eldoret na Heihachi usiniambie.