Treni ya usiku au ndege? Hesabu usingizi kwanza

Likizo ikikaribia, ndugu na wazazi wenzangu huniuliza swali lile lile: twende na ndege au tupande treni ya usiku? Wengi wao wanaponiuliza wameshaperuzi kwenye simu, wameona ndege ni mwendo wa saa moja na nusu na treni ni saa kumi na moja, na wanachongoja ni niwaunge mkono tu wakate tiketi ya ndege. Nami huwauliza: siku ya kwanza ya likizo mnataka mfike mkiwa katika hali gani?

Watoto wetu wamesafiri kwa njia zote mbili tangu wakiwa wa kubebwa hadi sasa wanapogombania kitanda cha juu, na kipimo nilichobaki nacho ni hiki: usihesabu saa ambazo chombo kinakwenda, hesabu saa ambazo wewe na watoto mko macho mkihangaika. Saa saba ambazo mtoto kazilala ndani ya treni hazimchoshi mtu. Saa tatu za foleni, kubeba mabegi na kumkataza mtoto asiguse mkanda wa mizigo zinachosha kuliko safari yenyewe.

Tuichukue ndege ya saa kumi na mbili asubuhi, maana hizo za alfajiri ndizo nauli yake huwa inavutia. Kwa safari ya ndani, abiria kwa kawaida huambiwa afike saa mbili kabla. Ya nje ya nchi, saa tatu. Kwa hiyo saa kumi au saa tisa usiku mko mlangoni pa uwanja. Toa muda wa barabarani, toa muda wa kuvalisha watoto na kumtafuta yule aliyerudi kitandani na viatu mguuni, utajikuta unawasha taa saa saba na nusu au saa nane. Huo ndio usiku wenu. Hapo bado hamjafika kwenye ukaguzi, ambako kigari kinakunjwa, mtoto anatolewa usingizini abebwe, chupa zinatolewa (viwanja vingi bado vinashikilia mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika, ingawa maziwa na chakula cha mtoto mchanga cha safari huruhusiwa yakionyeshwa), na nyuma yenu kuna msafiri asiye na mtoto anayehema kwa nguvu ili msikie. Saa tatu asubuhi mmeshafika, ni kweli. Ila mmefika na watoto wanaolia kwa sababu wasizozijua wenyewe, na hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana.

Hapo hapo niseme ukweli wa upande wa pili: treni nayo hukushusha asubuhi, na chumba cha hoteli nacho hakijawa tayari. Tofauti ni kwamba watoto wamelala. Nawaandikia hotelini mapema kuuliza kama tunaweza kuacha mabegi mapokezi, na asubuhi hiyo siipangii jambo lolote la tiketi wala la foleni. Bustani yenye bembea inatosha.

Ila yote haya yanasimama juu ya sharti moja: mpate chumba chenu wenyewe, chenye mlango unaofungwa. Mkikosa, pandeni ndege na msinung'unike. Kukaa kwenye kiti usiku kucha na mtoto wa miaka mitatu mapajani huo ni mkesha, hata kama tiketi imeandikwa treni ya usiku. Tena majina ya madaraja yanachanganya. Katika treni nyingi za usiku za Ulaya, lile daraja la bei ya kati ni chumba cha vitanda vinne au sita, na usipolipia vyote, vilivyobaki vinauzwa kwa watu wengine. Familia ya watu wanne katika chumba cha sita inalala na wageni wawili. Marekani, chumba kidogo cha Amtrak, shirika la treni za abiria la huko, kinachoitwa Roomette ni cha watu wawili, upana wake kama mita moja na urefu kama mita mbili. Familia ya watu wanne inahitaji viwili, au kile cha familia kilichopangwa kwa watu wazima wawili na watoto wawili. Zile treni mpya za usiku za Nightjet, za Austria, zilizoanza kazi Desemba 2023 zina vijichumba vya mtu mmoja mmoja. Kijana wa miaka kumi na sita atavifurahia mno. Mwenye watoto wadogo avipite.

Mkishapata chumba, msitegemee watoto watalala treni ikiondoka tu. Kwetu saa ya kwanza ni ya kupanda na kushuka ngazi, kuwasha na kuzima taa ya kusomea, kufungua kila kijidroo na kuuliza hiki ni cha nini. Nimeacha kuwazuia. Wakishazoea, wanaanza kutulia wenyewe, hasa ukizima taa kubwa na kuacha pazia wazi kidogo waone taa za nje zikipita. Kabla ya hapo nimeshawapeleka chooni treni ikiwa inatembea, kwa sababu mabehewa ya zamani huwa yanamwaga uchafu moja kwa moja relini, na mhudumu hakuruhusu kutumia choo mkiwa stesheni. Begi la usiku ni la peke yake: nguo za kulalia, miswaki, maji, kandambili, tochi ndogo, mfuko wa plastiki wa mtoto atakayechafukwa na tumbo. Masanduku makubwa yanasukumwa chini ya kitanda na hayaguswi hadi asubuhi. Anayefungua sanduku kubwa ndani ya chumba cha treni atalala juu yake.

Kitanda cha juu ndicho kinachogombaniwa na ndicho kinachonitia wasiwasi. Mtoto wa chini ya miaka sita simlazi huko, alie asilie. Kwa mkubwa wake, kabla sijamruhusu napandisha mkono na kuvuta ile mikanda au wavu wa kumzuia asidondoke. Ikiwa kulabu moja imelegea, tunabadilishana vitanda. Kichwa kinaelekea upande wenye mkanda, na blanketi lililoviringishwa linawekwa ukingoni. Usiku wa manane treni itafunga breki, au itabadilishwa injini kwenye makutano na behewa zima litatikisika, nawe utakuwa wa kwanza kukaa kitako kumtafuta mtoto kwa mkono gizani. Yeye hatajua kitu. Mtu mzima, nikiwa mkweli, halali vizuri sana humo. Napata usingizi wa vipande vipande, ila napata zaidi ya ule wa kuamka saa nane.

Kama mnachagua namba za vitanda, chukueni katikati ya behewa. Magurudumu yako karibu na ncha zake, na milango na vyoo vingi viko huko huko, kwa hiyo kelele na harufu vyote vinahamia mwishoni.

Umri wa watoto unaamua mengi. Mtoto mchanga anayelala na kunyonya ni abiria mzuri wa ndege, tena akiwa hajatimiza miaka miwili husafiri mapajani kwa nauli ndogo au bure. Angalia tu tarehe: akitimiza miaka miwili mkiwa huko likizoni, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Wale wa kutambaa na waliojifunza kutembea juzi ndio wagumu ndegeni. Wanataka kushuka, na mkanda unawakatalia. Treni inawapa ukumbi wa kutembea, ingawa mikono yao itakuwa myeusi ndani ya dakika kumi. Miaka minne hadi kumi na moja hivi, kwangu hakuna mjadala: treni, kama ipo. Hao hawaioni safari kama njia ya kufikia likizo, kwao kitanda kinachotembea ndiyo likizo yenyewe. Vijana wakubwa wanauliza kuhusu chaji na mtandao tu, na mtandao wa treni huwa unakatika.

Mtoto mwenye mafua mazito ni habari nyingine. Hewa ndani ya ndege huwekwa kwenye mgandamizo kama wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na ndege inapoanza kushuka mgandamizo unabadilika kwa haraka. Kijia kinachounganisha sikio na koo kikiwa kimeziba, maumivu yanakuwa makali. Mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka, mkubwa apewe kitu cha kutafuna au anywe maji kidogo kidogo, na aliyelala aamshwe mapema kwa sababu usingizini humezi mate mara nyingi. Mafua yakiwa yamekuja na sikio linalouma, muoneni daktari kabla ya kuamua.

Na mkisafiri na bibi au babu, ulizeni kitanda cha chini kabla ya yote. Mama mkwe wangu aliitazama ile ngazi ya chuma, akanitazama mimi, akakaa chini bila kusema neno, na mjadala ukaishia hapo. Kwa mzee ambaye magoti hayamsaidii, ndege inaweza kuwa ya huruma zaidi: mashirika hutoa kiti cha magurudumu na mtu wa kusukuma bila malipo ukiomba mapema, wakati stesheni nyingine bado zina ngazi ndefu na ngazi ya behewa iliyo juu ya jukwaa.

Tukija kwenye pesa, usilinganishe nauli kwa nauli. Upande wa ndege jumlisha mizigo, malipo ya kuchagua viti ili mkae pamoja, na usafiri wa kwenda na kutoka uwanjani, ambao mara nyingi uko mbali na mji huku stesheni ikiwa katikati yake. Upande wa treni toa usiku mmoja wa hoteli, lakini utoe tu kama kweli mngeulipia. Halafu soma sheria za watoto, hazifanani. India, kwa mfano, tangu 2016 mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mmoja anayetaka kitanda chake hulipa nauli nzima ya mtu mzima. Na familia ya watu watano huwa inaumia: chumba cha vitanda vinne hakiwatoshi, viwili ni vingi. Kwa familia ya namna hiyo ndege mara nyingi hutoka nafuu, tusidanganyane.

Umbali nao una mipaka yake. Treni ya usiku inafaa ikiwa safari ni ya saa nane hadi kumi na mbili hivi, iondoke baada ya chakula cha jioni na ifike baada ya jua kuchomoza. Ikiwa ni ya saa sita, itawashusha saa kumi alfajiri, mabaya ya pande zote mbili. Ikizidi saa kumi na tano inakula mchana wa likizo, na watoto watakuwa wamemaliza kila kitu cha kufanya. Kukiwa na ndege ya moja kwa moja ya saa nne asubuhi na uwanja uko karibu, pandeni ndege, msijitafutie taabu kwa ajili ya picha. Ila ndege ikiwa ya kuunganisha, na katikati mnakaa saa nne kwenye viti vya chuma, treni inashinda kwa mbali.

Angalieni pia kama treni ipo siku mnayoitaka. Caledonian Sleeper, inayotoka London kwenda Scotland, haisafiri usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, ambao ndio wenye familia wengi wanaoutaka. European Sleeper ilipoanza Mei 2023 kati ya Brussels na Berlin ilikuwa ya mara tatu kwa wiki. Msikate tiketi za kitu kingine chochote kabla ya kuona ratiba ya tarehe yenu.

Asubuhi, treni kuchelewa kwa muda wa saa mbili hakuniudhi, watoto wanaendelea kulala. Kunaniudhi pale kuna kivuko au ndege ya kuwahi. Tiketi zikiwa zimekatwa kila moja peke yake, shirika la pili halihusiki na kuchelewa kwa lile la kwanza, na nauli imekwenda. Acheni nusu siku katikati, au msiunganishe.

Wapo wanaochagua treni kwa sababu ya hewa chafu, na wana haki: kwa kila abiria, treni ya umeme yenye watu wa kutosha hutoa sehemu ndogo tu ya kaboni inayotolewa na ndege ya masafa mafupi. Kwangu hiyo ni sababu nzuri ya nyongeza, haijawahi kumlaza mtoto.

Siku hizi sisi tunagawa: kwenda kwa treni, kurudi kwa ndege ya mchana. Kwenda kila mtu ana hamu na uvumilivu upo. Kurudi nguo ni chafu, watoto wamechokana, shule inafunguliwa kesho kutwa, na hakuna anayetaka kuona ngazi ya kitanda. Kabla ya kufanya hivyo linganisha bei, kwa sababu baadhi ya mashirika ya ndege huuza tiketi ya kwenda tu kwa bei inayokaribia ya kwenda na kurudi.

Mkishaamua treni, tafuteni leo hii tarehe ambayo tiketi zinafunguliwa, muiweke kwenye kalenda ya simu na kengele juu yake. Vyumba vya familia huisha kabla ya kitu kingine chochote. Katika behewa la kulala la Superliner la Amtrak, lile la ghorofa mbili, chumba cha familia ni kimoja tu kwa behewa zima.