Tabibu wa mgongo anataka kumchoma baba sindano ya misuli. Anaruhusiwa?

SWALI: Shikamoo wakili. Ninaishi Dallas, Texas, Marekani, na baba yangu, miaka 71, ana Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Mguu wa kushoto unamfa ganzi. Tabibu wa kairopraktiki anayemnyoosha mgongo anataka kumpiga eksrei, kumtoa damu, kisha kumchoma sindano kwenye misuli apime umeme wa neva. Sheria inamruhusu?

JIBU: Marahaba. Eksrei na damu, ndiyo. Sindano ya misuli, hapana.

Sura ya 201 ya sheria za taaluma za Texas inamruhusu tabibu huyu kuchunguza uti wa mgongo, mifupa na misuli. Kupasua amekatazwa. Kuhusu sindano, sheria imetaja jambo moja: kutoa damu ya vipimo hakuhesabiwi kuwa upasuaji. Bodi inayosimamia matabibu wa kairopraktiki ilitunga kanuni ya kuruhusu na hiyo ya misuli, chama cha madaktari kikaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Austin ikaifuta. Ukisoma sheria yenyewe utaona kwa nini: bunge lisingehangaika kuiondoa sindano ya damu kwenye katazo kama sindano zote zilikuwa ruksa.

Tabibu wako anaweza kukujibu kwamba mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Texas iliwapa ushindi matabibu wa kairopraktiki. Ni kweli, lakini kesi ile ilihusu kipimo cha macho cha watu wenye kizunguzungu, pamoja na swali kama neva zinazoendesha misuli zimo katika kazi yao. Zimo. Kwa hiyo akitaka kupima neva za baba kwa vibandiko vya juu ya ngozi, sina ugomvi naye. Sindano aandike rufaa kwa daktari wa neva.

Sasa pesa, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Medicare humlipa tabibu wa kairopraktiki kwa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono tu. Eksrei aliyoipiga au kuiagiza yeye hailipiwi, hata kama ni halali kabisa. Mwombe daktari wa kawaida wa mzee ndiye aagize eksrei na damu.

La mwisho si la wakili: mkojo ukimshinda, au ganzi ikifika sehemu za siri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri rufaa.